Kitunga cha Sonia

Jumapili, 31 Agosti

Leo ndiyo mara ya kwanza naandika nikiwa bibi wa mtu. Naandika tena ili nilione neno lenyewe: bibi wa Grégoire. Daftari hili ni lake. Kurasa mbili za mbele zina hesabu zake za mwaka jana na sikuzichana, kwa sababu hata saba yake ni nzuri, ina kamkia.

Tumefika Kasongo saa tisa mchana. Pikipiki tatu kutoka Kabambare, siku mbili za njia. Ya kwanza ilibeba Grégoire na mizigo. Ya pili ilinibeba mimi, nimefunikwa vitenge viwili mpaka machoni kama kuku anayepelekwa sokoni. Ya tatu ilimbeba mdogo wangu Sonia, miaka kumi na miwili, na sanduku lake la bati la internati, bweni la shule atakaposoma, na kitunga cha arusi yangu juu ya mapaja. Kwetu bibi arusi hasafiri peke yake. Mdogo wake humbebea kitunga, na kitunga hakitoki mikononi mwa huyo mdogo mpaka bibi arusi apike kwa bwana wake. Tulipovuka mto kwa miguu maji yalimfika Sonia kiunoni. Alikiweka kichwani akavuka akiimba.

Alhamisi, waliponivalisha, Nyanya alimvuta Sonia pembeni ya nyumba akamnong'oneza kitu kirefu juu ya kitunga na chungu cha ukweni, na Sonia alikuwa anaitika kwa kichwa kama askari. Nilishika maneno mawili matatu tu. Nilikuwa naangalia mlangoni. Kola ya shati la Grégoire ilikuwa imekunjika upande mmoja, nami nilikuwa nawaza kwamba tangu siku hiyo kola ile ni kazi yangu mimi.

Grégoire anafundisha hesabu na ndiye mkuu wa internati. Nyumba yetu iko ndani ya uwanja wa masomo, ya mwisho kabisa, na dirisha la chumba linaangalia ua wa wasichana. Kati yetu na wao kuna senyenge tu, uzio wa waya. Kwa sababu ya dirisha hili Baba alikubali Sonia aje. Mama aliniambia, "Huyu mutoto hajalala hata siku moja bila weye. Nakuachia." Nikamjibu, "Mama, nitakuwa hatua makumi tano." Nimezipima kwa macho. Ni arobaini.

Sasa nitakaa ndani. Mama Ernestine, mama yake Grégoire, atafika Jumatano kutoka Nyangwe. Atanishikisha mwiko, tutasonga bugali ya kwanza pamoja, na hapo nitatoka mlangoni nikiwa mwenye nyumba. Mpaka siku hiyo sipiki, sitoki, na sauti yangu isisikike nje. Shangazi Marcelline, dada ya baba yake Grégoire, ndiye ananichunga. Yeye anapika, anasogeza kiti chake mlangoni, ananyoosha miguu juu ya kizingiti. Naletewa sahani na kupakwa mafuta kama mtoto mchanga. Siku tatu tu. Nina furaha hata naona aibu.

Jumatatu, 1 Septemba

Saa kumi na moja asubuhi Grégoire alipuliza filimbi. Hakuna ndege wa Maniema anayelia vizuri kama ile filimbi. Nilibaki kitandani nikisikia miguu ya wasichana mia na makumi nane ikikimbia uwanjani kwa pumzi ya mume wangu.

Kisha nikaenda dirishani. Sonia alikuwa wa mwisho katika mstari wa wapya, sketi ya bluu inamfika karibu na visigino, kitunga changu mkononi. Grégoire alipopita karibu yake, Sonia aliniulizia mimi dada yake kwa sauti kubwa, "Shemeji, yaya Jeanine ameamuka?" Mstari mzima ukacheka. Grégoire hakucheka. Nilisikia kila neno: "Hapa hapana shemeji. Hapa iko Monsieur." Lakini saa sita, alipokuja kula, alinieleza vizuri. "Nikimufungulia shemeji yangu mulango, wale wengine nitawaambia nini? Sheria ya wapya ni ile ile: mpaka Jumapili ya pili hapana kutoka, hapana kuonana na ndugu." Mwanamume wa haki namna hii, angeweza kuoa bibi yeyote katika Kasongo yote.

Saa kumi Sonia alikuja mpaka kwenye senyenge. Nilikuwa nimemwambia: nikishusha pembe ya kitenge cha njano dirishani, ni mimi, nakuona. Nikaishusha. Akagusa sikio lake la kushoto, jinsi tulivyokuwa tukifanya kanisani.

"Bibi arusi, toka ku dirisha," Shangazi akasema nyuma yangu. "Watu watasema Grégoire ameoa polisi."

"Naangalia mvua tu, Shangazi."

"Tangu lini mvua inavaa inifomu?"

Jumanne, 2 Septemba

Jana baada ya masomo wakubwa wa bweni walifungua masanduku ya wapya na kugawana vyakula. Wanawaita wapya "bleu". Mahindi ya kukaanga ya Sonia na karanga zake zote zimekwisha. Grégoire anasema ni kila mwaka. "Hata miye walinikulia karanga. Nilikufa?" Nikacheka, maana akiongea hivyo anafumba jicho moja. Amewaadhibu wakubwa kwa kuchota maji.

Mvua kubwa ya kwanza imenyesha jioni. Bati linapiga kelele hata hatusikilizani, basi tulikaa tu tukiangaliana. Ni vizuri pia.

Jumatano, 3 Septemba

Nilivaa tangu asubuhi. Shangazi alinisuka, akanipaka mafuta, akanikalisha juu ya mkeka mpya. Mama Ernestine hakufika. Wavuvi waliotoka Nyangwe wanasema mto umejaa na mtumbwi wake umerudi nyuma. Wamemwachia Grégoire ofisini mzigo mrefu kutoka kwa mama yake, umefungwa kwa majani ya migomba na kamba. Nilimuuliza ni nini. Akasema, "Mzigo wa mama, mama ataufungua mwenyewe." Ameuegemeza nyuma ya mlango wa ofisi. Mtu asiyefungua hata mzigo wa mama yake, je, mtu huyo atakuwa na siri juu yangu? Nilimwambia Shangazi hivyo. Akasema, "Weye ungali unasikia harufu ya sabuni ya arusi."

Habari nzuri sana: Sonia amepata marafiki. Grégoire anasema mezani wasichana wanagombania kukaa karibu naye, kwa sababu anawagawia bugali yake. Nimefurahi hata machozi yalitoka. Mtoto yule ambaye nyumbani alikuwa anahesabu vipande vya samaki.

Alhamisi, 4 Septemba

Mvua. Mama hakufika.

Asubuhi Sonia alianguka katika mstari. Hakuanguka kama mtu anayeteleza. Alikaa chini polepole kama mtu anayeona kiti. Wawili wakamwinua. Grégoire alimwachisha kukimbia, lakini si kwa sababu ya undugu, alinieleza, angemwachisha yeyote. Nikamuuliza, "Anakula?" Akasema, "Sahani yake inarudi tupu." Nikamwambia kwamba anagawa. Akasema hawezi kukaa mezani na kila mtoto kuhesabu matonge, na ni kweli, hawezi. "Ni hamu ya nyumbani, mupenzi yangu. Siku nane, inapita. Nimeona wapya miaka sita."

Saa kumi hakusimama kwenye senyenge. Alikaa chini, kitunga katikati ya magoti, mvua inamnyeshea. Nilishusha pembe yote ya kitenge, kisha kitenge chenyewe. Akagusa sikio. Mkono ulichelewa kufika.

Nilimwambia Shangazi, "Niache nifike mpaka ku senyenge. Dakika moja. Nitajifunika."

Hakukasirika. Aliendelea kumenya karanga, miguu juu ya kizingiti. Akanieleza kitu ambacho sikukiuliza. Yeye alipoolewa, mama mkwe wake alichelewa siku kumi. Siku ya sita alichoka, akatoka kwenda kuchota maji, kwa sababu alikuwa msichana wa kazi na kukaa bure kulimuumiza. Mtoto wake wa kwanza alikufa kabla ya kutambaa. "Sisemi ni kwa sababu ya ile maji," akasema. "Sijue. Lakini wao walisema. Walisema miaka makumi mbili. Hata siku bwana yangu alipokufa, kuko mutu mumoja alisema tena."

Kisha akanipa karanga, na sikuthubutu kuuliza mara ya pili.

Ijumaa, 5 Septemba

Sonia yuko kwenye chumba cha wagonjwa. Wamempima malaria, hana. Hana homa. Hatapiki. Ukimuuliza anasema, "Sina njaa," na kunywa maji. Prefe, mkubwa wa shule, anasema ni minyoo. Muuguzi anasema ni woga wa wakubwa. Grégoire anasema bado ni hamu ya nyumbani. Mimi nasema ni mapendo: amezoea mgongo wangu, tulilala mgongo kwa mgongo tangu aachishwe kunyonya, na sasa mgongo wangu una mtu mwingine. Niliposema hivyo nililia, na nina aibu kuandika kwamba nililia pia kwa sababu naupenda huo mgongo mwingine.

Nilimwomba Shangazi aende badala yangu. Sheria inakataza ndugu, lakini Shangazi si ndugu ya Sonia, na Grégoire alikubali baada ya kufikiri sana. Shangazi alipika bugali laini, sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, na mayai mawili, akavaa kitenge cha kanisani, akaenda chini ya mvua na sahani ndani ya kitambaa. Alirudi na sahani ile ile.

"Amenigeuzia uso ku ukuta," akasema. "Nilipofungua tu kitambaa. Nimepika tangu huyu Grégoire hajaota meno, na hakuna mutoto aliyegeukia ukuta mbele ya sombe yangu."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, 'Shangazi, samahani.' Samahani ya nini? Alikula ndizi mbivu aliyopewa na muuguzi. Ndizi moja, nusu ya ingine. Basi tumbo iko muzima. Ni kichwa."

Nilimwambia Grégoire amlete hapa, alale karibu nami siku moja tu. Nilizungumza kwa sauti ya chini, na yeye pia, kwa sababu hatujawahi kukosana na hatukujua namna. Akasema, "Jeanine, mwaka jana nilimukatalia mama mumoja aliyetoka mbali kuliko Kabambare, alilia ku mulango wa ofisi. Nilimwambia sheria ni ya wote." Nikasema, "Na yule mtoto wake?" Akasema hakumbuki. Kisha akasema amekwisha kumwita Baba Mdogo Michel, ndugu ya baba yetu, ambaye yuko sokoni Kasongo na pikipiki yake. Kesho anarudi Kabambare. Prefe ameamua mtoto arudi nyumbani apate nguvu, na kitanda chake kitamngoja mpaka tarehe kumi na tano. Walio kwenye orodha ya kungoja ni wengi.

Mama Ernestine hakufika. Sikuuliza mto uko namna gani.

Jumamosi, 6 Septemba

Nataka kuandika kwa utaratibu.

Saa mbili asubuhi mvua ilipungua. Pikipiki ya Baba Mdogo Michel ilipita kati ya senyenge na nyumba yetu, kwa sababu njia nyingine imejaa matope. Sonia alikuwa nyuma, amefungwa kitenge kwa tumbo la Baba Mdogo asianguke. Sanduku lake wamelibakiza. Kitunga alikuwa nacho. Alikuwa amekikumbatia kwa mikono miwili, kidevu juu ya kifuniko, na njia nzima mpaka nyumba yetu aliangalia dirisha.

Nilishusha kitenge. Baba Mdogo alipunguza mwendo, labda kwa ajili ya dimbwi. Sonia alikuwa karibu kuliko siku zote, niliona midomo yake imepasuka. Alisema kitu. Injini ilimeza maneno. Nilikimbia mpaka mlangoni. Shangazi alikuwa kwenye kiti chake, na nataka niandike ukweli: aliponiona alikunja miguu. Aliiondoa juu ya kizingiti. Mlango ulikuwa wazi, na mbele yangu kulikuwa na hatua labda kumi na mbili.

Sikutoka. Nilifikiria mtoto wa Shangazi ambaye hakutambaa. Nilifikiria watakavyosema miaka ishirini. Nilisimama kwenye kizingiti na mkono juu ya mdomo, sauti isisikike nje, mpaka pikipiki ilipokata kona ya kanisa.

Baadaye, ili nisiwaze, nilifungua daftari hili kusoma siku nilizokuwa na furaha. Nikasoma Jumapili. Nikafika pale nilipoandika "kitu kirefu juu ya kitunga na chungu cha ukweni", na hapo nikaacha kusoma.

Najua Nyanya alimwambia nini. Niliambiwa mimi pia, nikiwa na miaka tisa, nilipobeba kitunga cha dada yetu mkubwa wa upande wa Baba. Anayebeba kitunga hagusi chakula cha chungu cha ukweni mpaka bibi arusi mwenyewe asonge bugali. Akila mbele yake, anamlia nyumba. Na asiseme kwa mtu, maana akisema ni kama amekula. Mimi nilikaa na njaa saa mbili tu, kwa sababu mama mkwe wa dada yetu alikuwa anatungoja mlangoni na mwiko mkononi. Ni mchezo, karibu. Watu wazima wanacheka wakimwona mtoto anavyomeza mate. Nani angefikiri mto utajaa?

Na Sonia aliona nini? Aliona kwamba shemeji yake ndiye anapuliza filimbi ya kula. Funguo za ghala ya unga ziko kiunoni mwa shemeji yake. Basi sufuria zote za internati, zile kubwa kama za kuogeshea ng'ombe, kwake ni chungu cha ukweni. Alikula mahindi yake na karanga mpaka wakubwa walipozichukua. Baadaye maji. Ndizi, ndiyo, ndizi haikupita jikoni. Na sahani ya Shangazi ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote, ilitoka moja kwa moja kwenye moto wa nyumba hii.

Siku tano aliilinda nyumba yangu. Alikuja kwenye senyenge kila saa kumi kuangalia kama nimetoka. Nami nilikuwa nashusha kitenge na kufurahi kwamba ananisalimu.

Neno moja lingetosha. "Kula." Hatua arobaini.

Nilimwambia Shangazi yote. Alisikiliza amesimama. Hakusema tena ni kichwa. Alichukua mwavuli wa Grégoire akatoka chini ya mvua kwenda kumtafuta mwenyewe ofisini, na aliacha mlango wazi bila mtu wa kunichunga. Nilibaki nimekaa. Mahali pa kwenda palikuwa pamekwisha ondoka na pikipiki.

Grégoire alipiga simu ya Baba Mdogo mara kumi na nne. Mvua, hakuna mtandao. Kwetu nyuma ya Kabambare hakuna hata siku ya jua.

Jumapili, 7 Septemba

Mama Ernestine amefika saa saba mchana, miguu mitupu, amelowa, anacheka, kuku wawili chini ya kwapa. Ni mwanamke mfupi na mnene, ananukia moshi wa samaki. Alinishika uso kwa mikono miwili kabla sijapiga magoti.

"Mbona mukwe yangu iko na macho ya msiba? Na jiko iko baridi? Mulikula nini siku zote hizi?"

Shangazi akasema, "Miye nilipika, wifi, lakini bibi arusi alikuwa anakungoja. Utaratibu."

"Kuningoja miye? Miye ninaletwa na mto, na mto haujue bibi arusi." Akamgeukia Grégoire. "Si nilituma mwiko? Ile Jumatano, na wavuvi. Mama mukwe akikawia, mwiko wake unamutangulia, bibi arusi anasonga, anatoka. Sisi watu wa mto tutafanya namna gani ingine?"

Grégoire alitoka. Alirudi na ule mzigo mrefu, majani ya migomba yamekauka rangi ya tumbaku, kamba haijaguswa. Mama Ernestine akaufungua. Mwiko wa mti mweusi, mpini umelainika kama ngozi, na kando yake nyufa mbili za zamani.

Tangu Jumatano ulikuwa nyuma ya mlango wa ofisi. Shangazi alikaa chini.

Grégoire alinieleza kwamba hakujua, kwamba ni mambo ya wanawake, kwamba alidhani kufungua mzigo wa mtu mwingine ni kosa. Yote ni kweli. Ni yale yale niliyoyapenda, niliyaandika hapa kwa mkono wangu. Kola yake ilikuwa imekunjika upande mmoja. Niliiona, na niliiacha.

Tulisonga bugali. Mama Ernestine aliweka mkono wake juu ya wangu, mizunguko mitatu, akaniachia. Ilitoka nzuri, laini, haina hata donge. Kisha nikatoka mlangoni nikiwa mwenye nyumba. Nilienda hatua arobaini, nikazihesabu, nikashika senyenge mahali pale aliposhika. Ni baridi, na ina kutu.

Jumatatu, 8 Septemba

Sehemu ya bugali ya jana niliifunga katika jani, kisha kitambaa, kisha mfuko wa plastiki. Nimempa Chadrack, ambaye anaendesha pikipiki kati ya hapa na Kabambare. Niliandika pia karatasi, lakini nilimwambia aseme kwa mdomo: "Yaya amesonga. Amesema kula."

Chadrack alipima mfuko kwa mkono. "Mama, kule kwenu hawana bugali?"

Nikamwambia, "Hawana hii."

Jumanne, 9 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua. Kitanda cha Sonia ni cha tatu kutoka mlangoni. Nimekitandika.

Jumapili, 14 Septemba

Chadrack amerudi, pikipiki yake imekuwa ya udongo mtupu. Alikaa barazani na hakunywa maji kabla ya kusema, kwa sababu aliona nilivyokuwa nangoja.

Alifika kwetu Jumatano jioni. Sonia alikuwa amelala juu ya mkeka nje ya nyumba, kitunga karibu na kichwa. Alikuwa anapewa uji na Mama tangu arudi, uji wa kwetu si wa ukweni, basi alikuwa na nguvu kidogo. Bugali ilikuwa imekauka kama kigae.

"Nilimwambia ile maneno. Akauliza, 'Nani amesonga?' Nikasema yaya yako. Akauliza, 'Ulimuona inje?' Nikasema nilimuona inje, alishika pikipiki yangu na mukono. Basi akaivunja na mawe, Mama, akakula yote, na ile ya kushikana na jani akalamba. Kiisha akampa mama yenu kitunga. Akalala. Nilipotoka asubuhi alikuwa angali analala."

Amekula. Nilisema kwa sauti, na sauti yangu ilisikika nje.

"Na kurudi?" nikauliza. "Ni kesho tarehe kumi na tano."

Chadrack akaangalia viatu vyake. Daraja la magogo limekwenda na maji nyuma yake. Pikipiki yake walivusha wanaume wanne juu ya mabega, na mmoja karibu abebwe na mto. Mtoto hapiti pale mwezi huu.

Grégoire alienda kwa prefe peke yake, bila mimi kumwomba. Alikaa saa nzima. Aliomba kitanda kingoje mpaka Oktoba. Nilijua jibu kwa namna alivyofunga mlango. "Amenijibu maneno yangu miye mwenyewe," akasema. "Kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho."

Nilimshika mkono. Sikuwa na kingine cha kushika.

Jumanne, 16 Septemba

Mvua imekatika. Jana kitanda cha tatu kutoka mlangoni kilipewa msichana mwingine, anaitwa Glody, kutoka upande wa machimbo ya dhahabu. Baba yake alimwacha getini na akaondoka na pikipiki ile ile. Sanduku la Sonia liko chini ya kitanda chetu.

Leo saa kumi nilikuwa napepeta mchele mlangoni. Glody alikuja kwenye senyenge, karibu mahali pale pale. Hakuwa anaangalia dirisha langu, hanijui. Alikuwa anaangalia njia. Mkononi alikuwa na sahani yake ya mchana, bugali haijaguswa, inzi juu yake.

Shangazi Marcelline aliniona namwona. Bado yuko nasi, anasema anangoja njia ikauke, lakini nyumba yake iko hapo nyuma ya soko. Alichukua ungo mikononi mwangu. "Nenda," akasema. "Mchele nitamalizia."

Nilienda hatua arobaini. Nilikaa chini kwenye majani mabichi, senyenge kati yetu, ili macho yetu yawe sawa.

"Kwenu," nikamuuliza, "walikwambia usile nini?"

Aliweka sahani chini, akasogeza uso wake karibu na senyenge, nami nikasogeza sikio langu.

Grégoire alikuwa amesimama kwenye baraza ya ofisi, filimbi mdomoni, maana ni saa ya kurudi darasani na sheria ya wapya haijabadilika. Alituona. Nilimwona anatuona. Mashavu yake yalikuwa yamekwisha kujaa pumzi.

Aliitoa filimbi mdomoni akaiweka mfukoni.